Mbolea Ikizidi, Mzizi Hudumaa

Wengi wetu hapa chuoni tuna bibi, mjomba au shangazi nyumbani anayelima mahindi. Msimu ukikaribia, simu zinaita: tumeni hela ya mbolea. Tunatuma. Lakini mbolea hiyo ikizidi, nini hutokea chini ya ardhi?

Chukua yurea. Asilimia 46 yake ni nitrojeni. Ikikutana na udongo wenye unyevu, hugeuka kuwa amoniamu, ambayo kwa kiasi ni chakula cha mmea. Ikizidi, mzizi mkuu huacha kurefuka. Kwanza, kila mzizi unapofyonza amoniamu hutoa asidi, na udongo unaouzunguka huharibika. Pili, wanasayansi waliochunguza shayiri waliona seli zikijaa amoniamu, kisha zikitumia nguvu nyingi kuisukuma nje, nayo inarudi tena. Ni kama kuteka maji kwa ndoo iliyotoboka.

Mpunga huvumilia zaidi, maana umezoea mashamba yenye maji yaliyotuama, ambako amoniamu ndiyo nitrojeni iliyo nyingi. Mimea mingi mingine hupata nafuu ikichanganyiwa nitreti. Mbolea ya CAN inayo: nusu ya nitrojeni yake ni nitreti.

Mzizi mfupi haufikii unyevu wa chini. Mvua ikikatika, mahindi hunyauka mapema, na hela yetu imekwenda. Basi tukituma, tuulize pia: mbolea imegusana na mbegu? Imewekwa yote kwa mpigo? Afadhali iwe kando kidogo, tena kwa awamu.