Vazi la Bunduki na Miiko ya Wawindaji wa Kusini mwa Maniema

Wamaza wanaishi kusini mwa Maniema, kati ya Kasongo na Kabambare, mahali msitu mkubwa wa Kongo unapoanza kupisha mbuga. Magharibi yao unapita mto Lualaba, na Luama unashuka kutoka mashariki kuufuata. Ni wakulima wa mihogo na mpunga, wengi wao Waislamu, na mazungumzo yao ya soko, msikiti na baraza ni ya Kingwana, Kiswahili cha Kongo. Pamoja na jembe, wavu na mkuki, nchi hii imeishi na bunduki kwa zaidi ya miaka 150. Kwa hiyo bunduki si kitu cha pembeni katika mila zetu. Imelinda mashamba, imeleta nyama nyumbani, imetangaza sherehe, na imemwaga damu ya watu.

Siku hizi vijana wetu wenye simu huona picha za bunduki za Marekani za aina ya kale zilizovalishwa zana mpya: vitako vyeusi vya plastiki ngumu, reli za kufungia darubini, vizuia mlio. Wanazitazama kwa mshangao, kana kwamba ni jambo geni kabisa. Si geni kwetu. Bunduki za Maniema zilipambwa na kubadilishwa tangu zilipoingia. Ambalo wazee walijali zaidi ya pambo ni miiko, na hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa.

Kwanza turudi Oktoba 1876. Mwezi huo Henry Morton Stanley alifika katika nchi ya Kasongo na kukutana na Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, tajiri wa pembe na watumwa aliyetawala sehemu hizi. Katika kisa cha maisha yake, alichokieleza mwenyewe kwa Kiswahili na kikachapishwa na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, Tippu Tip anasimulia jinsi mgeni huyo alivyojisifu kuwa na bunduki ya risasi 15. Tippu Tip aliuliza kama zote zinatoka katika kasiba moja. Aliposikia kwamba ndiyo, aliomba aonyeshwe, na Stanley akasita. Basi mwenyeji akamtupia fumbo: huko mto Lomami, alisema, kuna upinde unaofyatua mishale 20 kwa mara moja, na kila mshale unaua mtu wake. Hapo Stanley akatoka nje na kuipiga bunduki yake risasi baada ya risasi, mpaka waliokuwapo wakaamini.

Bunduki aliyokuwa nayo Stanley katika safari hiyo ni Winchester, bunduki ya wenzo. Asili yake ni kazi ya Benjamin Tyler Henry wa New Haven, Marekani, aliyepata hati ya uvumbuzi mwaka 1860. Mwaka 1866 kampuni ya Oliver Winchester ikaiboresha na kuiuza kwa jina lake. Chini ya kasiba kuna mrija unaobeba risasi zikiwa zimepangana kwa mstari. Wenzo umezunguka kifyatulio. Mpigaji akiushusha, ganda lililotumika linatupwa nje. Akiurudisha, risasi mpya inaingia na nyundo iko tayari. Mkono hauhitaji kuachia kitako. Kwa watu waliozoea gumegume na gobore, ambamo kila mlio unadai kupakia upya kutoka mdomoni, hilo lilikuwa ajabu, na shaka ya Tippu Tip ilikuwa ya mtu anayejua bunduki vizuri.

Hata hivyo bunduki ya wenzo haikuota mizizi hapa. Sababu ya kwanza ni chakula chake. Inataka risasi za ganda la shaba zilizotengenezwa kiwandani, na kila moja ilipaswa kuletwa kutoka pwani kwa mwendo wa miezi. Gobore hula unachokipata: baruti, kipande cha risasi, hata chuma kilichokatwakatwa na mhunzi wa kijiji. Sababu ya pili ni siasa. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels, uliopiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa na risasi zake katika sehemu kubwa ya Afrika, na kuacha mlango wazi kwa bunduki za kale zisizo na mifuo ndani ya kasiba pamoja na baruti ya kawaida. Wakati huohuo majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalikuja na bunduki za Albini. Mji wa Nyangwe uliangukia mikononi mwao Machi 1893, Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huohuo, na Kabambare Januari 1894. Baada ya hapo mtu mweusi aliyetaka bunduki alipewa, kwa kibali, ile ya kupakia mdomoni. Marufuku hiyo haikutuondolea bunduki. Ilitufunga na ya zamani, na mila zetu za uwindaji zikajengwa juu yake.

Gobore la Maniema lina sura yake. Kasiba huweza kuwa ya zamani, iliyorithiwa kutoka kwa babu, au bomba la chuma lililochongwa na kukazwa na mhunzi. Kitako ni cha mti mgumu wa msituni. Kikipasuka, hufungwa kwa ngozi mbichi, ambayo ikikauka hukaza kuliko kamba. Palipolegea, huzungushwa waya. Katika Afrika ya kati ya karne ya 19 wenye uwezo walipigilia misumari ya shaba kwenye kitako, ikawa mapambo na alama ya cheo. Mwindaji wa leo hufunga mpira wa baiskeli mahali anaposhika ili mkono usiteleze kwa jasho na mvua. Fataki zikikosekana, vichwa vya kiberiti hutumika. Wengine hufunga hirizi karibu na mtambo. Kila kitu kilichoongezwa kinajibu shida ya mwenye kuibeba: unyevu, giza, uhaba wa vipuri, hofu ya mnyama.

Miiko inaanzia kwenye upakiaji wenyewe. Baruti inamiminwa, kizibo cha nyuzi kinashindiliwa kwa mdeki, zinafuata risasi, kisha kizibo kingine, na mwisho fataki. Baruti ikizidi, kasiba inapasuka usoni pa mpigaji. Ikipungua, mnyama anajeruhiwa na kutoroka. Kijana hujifunza kipimo hicho kwa kumtazama mtu mzima muda mrefu kabla ya kukabidhiwa bunduki. Na kwa kuwa ana mlio mmoja tu, anafundishwa kunyata, kujua upepo unakovuma, kumtambua mnyama kabisa kabla ya kufyatua. Kupiga kichaka kinachotikisika ni aibu, kwani nyuma ya kichaka anaweza kuwa mama anayetafuta kuni.

Kwa Mwislamu liko sharti jingine. Anataja jina la Mungu anapofyatua, kisha anakimbia na kisu chake; akimkuta mnyama bado yu hai, anamchinja. Nyama ikifika kijijini, swali la kwanza ni kama imechinjwa. Swali hilo linamrudisha mwindaji kwenye wajibu wake: asipige kwa mbali kupita kiasi, asimwache mnyama ateseke, asilete nyama ambayo jirani yake hawezi kuila.

Kisha kuna mgao. Mara nyingi mwenye bunduki si mwenye kwenda porini. Mmoja ana gobore, mwingine ana miguu na macho, na wa tatu amenunua baruti. Kila mmoja ana fungu lake, na wazee wana lao. Katika jamii nyingi za Maniema ngozi na meno ya chui havibaki kwa aliyemuua. Vinapelekwa kwa mtawala, kwa kuwa ni alama za mamlaka. Hivyo bunduki, hata ikiwa na mmiliki mmoja, hufanya kazi mikononi mwa watu wengi. Hata mlio wa furaha ulikuwa na utaratibu. Misafara ya zamani ilipoukaribia mji ilipiga bunduki hewani ili wenyeji wajue kwamba wanaokuja ni wageni wa heri.

Tukiyajua haya, tunaweza kuzitazama bunduki mpya za Marekani kwa macho matulivu. Kampuni ya Mossberg ilitoa bunduki ya wenzo yenye kitako cha kurefushwa na reli karibu mwaka 2012. Marlin ikafuata na toleo lake jeusi liitwalo Dark. Mwaka 2020 kampuni ya Henry ilileta X Model, na mwaka huohuo Ruger ikainunua Marlin. Mwaka 2024 Smith & Wesson nayo ikaingia na Model 1854. Mti wa kitako umebadilishwa kwa plastiki isiyovimba kwa mvua. Mdomo wa kasiba umetiwa nyuzi za skrubu ili ukubali kizuia mlio. Juu kuna reli ya darubini au ya kioo chenye nukta nyekundu. Pembeni kuna matundu ya kufungia taa. Wenzo umepanuliwa ili mkono wenye glavu upite, na wengine huuzungushia kamba usiumize vidole. Moyo wa bunduki, yaani mrija, wenzo na nyundo, ni uleule wa karne ya 19.

Wanaofanya hivyo wana sababu zao. Katika majimbo kama California na New York, sheria zinabana bunduki nyingi zinazojipakia zenyewe, na bunduki ya wenzo haimo katika kundi hilo. Mwindaji mwenye macho yaliyochoka hulenga kwa urahisi zaidi akiwa na darubini. Kizuia mlio huhifadhi masikio. Wapo pia wanaopenda sura tu, na wapo wazee wa huko wanaolalamika kwamba mti na shaba vimeharibiwa. Mimi siwalaumu wanaobadilisha. Mwindaji wa Kabambare anayefunga mpira wa baiskeli kwenye gobore na fundi wa Marekani anayefunga reli kwenye Winchester wanafanya kazi moja: kukifanya kitu cha kale kifae kwa mahitaji ya leo. Hata huko, walio makini hawaanzi na pambo. Wanafundisha kanuni nne zilizoenezwa na mwalimu wao wa bunduki, Jeff Cooper: ichukulie kila bunduki kuwa imejaa, usiielekeze kwa usichotaka kukiangamiza, usiguse kifyatulio kabla ya kulenga, mjue unayempiga na kilicho nyuma yake. Mwindaji wa Kasongo ambaye hajawahi kusikia jina la Cooper angezikubali zote nne.

Jeraha letu halikutoka kwenye pambo. Lilikuja pale bunduki ilipotoka mikononi mwa wawindaji na kuingia vitani. Julai 1964 waasi walioitwa Simba waliingia mji wa Kindu, wakiamini kwamba dawa itageuza risasi kuwa maji. Miaka ya vita vya 1996 hadi 2003 ikaleta bunduki za kivita kwa wingi, na makundi ya wapiganaji wa kienyeji yaitwayo Mai-Mai yakaota. Karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya, upande wa Salamabila, kundi la Mai-Mai Malaika lilichukua silaha. Bunduki hizo nazo zimevishwa: hirizi, vitambaa, majani, vyombo viwili vya risasi vilivyofungwa pamoja. Na dawa ya Mai-Mai ilikuwa na miiko mikali: usiibe, usimguse mwanamke, usile kilichokatazwa. Wengi walishika hirizi na kuiacha miiko. Walioiba, waliochoma na waliobaka walikuwa bado wamezivaa zile hirizi shingoni.

Hapo ndipo methali ya Waswahili isemayo mwacha mila ni mtumwa inapopata uzito wake wote. Anayeshika pambo na kutupa sharti anakuwa mtumwa wa silaha yake. Gobore lenye mlio mmoja, likiwa kwa mtu asiye na miiko, ni hatari kuliko bunduki ya risasi 15 iliyo mikononi mwa mtu aliyelelewa vizuri.

Sheria ya nchi ipo. Uwindaji unatawaliwa na sheria ya tarehe 28 Mei 1982, silaha na risasi na ile ya mwaka 1985, na tangu 2021 kuna mpango wa taifa wa kupokonya silaha na kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya raia. Lakini karatasi ya Kinshasa haimfundishi mtoto wa Wamaza namna ya kubeba bunduki akiwa katikati ya watu. Hilo ni jukumu la wazee, masheikh, mapadri na wawindaji wa Kasongo na Kabambare. Wawakusanye vijana, wawafundishe kipimo cha baruti na kipimo cha hasira, wawaonyeshe mgao wa nyama na fungu la mjane. Wawaeleze waliorudi kutoka porini kwamba mlango wa kijiji uko wazi kwa anayeiweka chini bunduki ya vita. Wanaopenda kuipamba bunduki ya kuwindia na waipambe watakavyo, mradi kwanza wakubali miiko yake mbele ya watu wao.