Redio inayosikiliza nyota

Usiku kule Kyavinyonge, kando ya ziwa Edward, mvuvi anafungua redio yake ndogo. Sauti inakuja, na pamoja nayo "shhh…" Anakasirika: "Hii redio iko na makelele mingi!" Kweli. Na sehemu ya makelele hayo inazaliwa ndani ya redio yenyewe, kwa sababu ya joto la vyombo vyake.

Nyota na mawingu ya angani nayo yanatuma mawimbi ya redio, lakini yakitufikia yamekuwa hafifu sana. Kipokezi chenye makelele hakiwezi kuyasikia. Basi wataalamu wanafanya nini? Wanakipoza. Huko Chile, kwenye uwanda wenye kimo cha mita 5,000, kuna antena 66 zinazoitwa ALMA. Vipokezi vyake vinapozwa hadi karibu digri 269 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo madini ya niobi yanapitisha umeme bila kizuizi, na ndiyo yaliyotumiwa katika kiini cha vipokezi hivyo.

Wachimbaji wetu wanaishika niobi bila kujua jina lake: imo ndani ya koltani, pamoja na tantali. Lakini tusijidanganye, niobi nyingi ya dunia inatoka Brazil.

Hakuna nchi iliyofanya kazi hiyo peke yake. Canada ilitengeneza kipokezi cha aina moja, Marekani kingine, vivyo hivyo Ufaransa, Uholanzi na Japani. Uingereza ikatengeneza chombo cha baridi cha kuviweka pamoja. Mmoja akikosea kipimo, kazi ya wote inakwama.

Na Afrika je? Mwaka 2018 Afrika Kusini ilizindua MeerKAT, antena 64. Vipokezi vyake vingine vilitengenezwa huko huko, vingine Ujerumani. Tena iliunganisha nchi 8 za Afrika kwa elimu hiyo. Kenya iliingia, hata Zambia, nchi ya migodi kama yetu, na vijana wao wakafundishwa. Congo haikuwamo.

Jambo hilo lituume. Jiwe linajua njia ya kutoka kwetu. Mtoto wetu bado anaitafuta.

Wazazi, mtoto akiuliza kwa nini redio inalia "shhh", msimtume machimboni kabla hajapata jibu shuleni. Nanyi vijana, fizika si somo la wazungu. Inaanzia katika redio ya baba.