Unataka buti ya kubonyeza? Soma hii kabla fundi akate kebo

Kama una Subaru, ama una bro au mjomba mwenye Subaru, keti kidogo. Leo tunaongea kuhusu buti.

Jumamosi moja hapa Tena, watoto wa ploti walikuwa wanacheza brikicho. Impreza WRX ya bro wangu, ya 2005, ilikuwa imeegeshwa karibu na geti, buti wazi. Betri ilikuwa inasumbua, kwa hivyo bro alikuwa ameitoa na kuipeleka ichajiwe. Mimi nilikuwa nasafisha buti. Nikaingia kwa nyumba kuchota maji, dakika mbili hivi. Kurudi, buti imefungwa, na mtoto mmoja haonekani. Ni mpwa wangu wa miaka minne.

Nikasikia sauti kama inatoka ndani ya mtungi: "Anko, huku kuna giza."

Mbio nikabonyeza kile kitufe kipya chini ya usukani. Kimya. Nikakumbuka betri iko kwa fundi. Nikatafuta ile lava ya kuvuta kando ya kiti cha dereva. Iko, lakini haikushika kitu. Tundu la ufunguo kule nyuma lilizibwa na rangi kabla hata sisi tununue gari. Viti vya nyuma havilali. Na jua lilikuwa limeshika bati vizuri.

Ngoja nikuambie tulifikaje hapo, maana hii kitu inaweza kukupata hata wewe.

Mtaa unapenda Subaru, hiyo haina mjadala. Colin McRae alishinda Safari Rally 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akashinda 2000 akiwa na Impreza pia. Wengi wetu wakati huo tulikuwa kwa nepi ama hatujazaliwa, lakini mngurumo wa ile injini tumeurithi. Shida ni kwamba hizi ndai zimezeeka. Buti ya WRX yetu inafunguliwa na kebo, yaani waya wa chuma ulio ndani ya mfereji wa plastiki. Unatoka kwa lava ya dereva, unapita chini ya kapeti, unaenda kuvuta loki huko nyuma. Miaka ikipita, kutu inaingia, nyuzi zinakatika moja moja, na siku moja unavuta lava inakuja mkononi ikiwa nyepesi kama sleti.

Yetu ilikatika mwaka jana. Fundi mmoja akatuambia kebo ni mambo ya kizamani, atuwekee ya umeme tuwe tunabonyeza tu kama watu wa Benz. Tukalipa 3,500. Alichukua mota ndogo ya kufungia milango, akaifunga karibu na loki, akavuta waya kutoka kwa betri hadi kwa kitufe, na kutoka kwa kitufe hadi kwa mota. Kebo akaitoa yote akaitupa. Tukabonyeza, tak! buti ikaruka. Tulicheka siku nzima. Hakuna aliyeuliza: na siku umeme haupo?

Jibu nilipewa na mtoto wa miaka minne.

Aliyetuokoa ni jirani mwenye Probox. Alisogeza gari pua kwa pua, tukashika zile klempu mbili za nyaya za betri yetu, tukaziunganisha na betri yake kwa waya za kujampi. Nikabonyeza. Buti ikafunguka. Kijana akatoka akiwa amelowa jasho, akauliza kama ameshinda. Mathee wake hakunisemesha mpaka Jumatatu.

Jioni hiyo nikaanza kusoma. Msimu wa joto wa 1998 kule Marekani, watoto 11 walikufa ndani ya buti za magari katika visa vitatu. Walikuwa wameingia wenyewe, wakajifungia. Kulikuwa pia na mama anaitwa Janette Fennell, ambaye 1995 yeye na mumewe walifungiwa na majambazi ndani ya buti ya gari lao, wakatoka hai. Yeye na wengine walipiga kelele mpaka serikali ikatoa amri: kuanzia Septemba 2001, gari jipya la abiria lenye buti linalouzwa huko lazima liwe na kitu cha kufungulia kutoka ndani, kinachoonekana hata gizani. Impreza yetu ilitengenezwa kwa soko la Japani. Haina hiyo kitu. Angalia yako leo. Na hapa Nairobi, habari ya mtu kufungiwa kwa buti na wezi wa magari si ngeni kwako.

Sasa, sikuambii uachane na buti ya umeme. Ni tamu, hasa ukiwa na mizigo mikono miwili. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili wa diploma ya umeme, karo ilikataa kutosha, lakini kwa rilei tulikuwa tumefika. Kwa hivyo nilifungua kazi yote ya yule fundi nikaanza upya. Hivi ndivyo tulivyofanya.

Kwanza, toa waya wa negativu kwa betri kabla ya kugusa chochote.

Fyuzi. Yule fundi hakuweka hata moja. Ule waya unapita kwa chuma chini ya milango, na siku ngozi yake ingesuguka ukagusa bodi, ungewaka moto mpaka kwa kapeti. Tuliweka fyuzi ya ampia 10, na tukaiweka karibu kabisa na betri. Ukiiweka huko nyuma, urefu wote wa waya ulio mbele yake hauna mlinzi.

Rilei. Kitufe kidogo hakifai kubeba mzigo wa mota. Rilei inaubeba, kitufe kinaiamuru tu. Umeme wa betri uliopita kwa fyuzi unaingia mguu wa 30, mota inatoka 87, kisha 85 na 86 ni za kitufe na bodi. Yetu tuliitoa Kirinyaga Road kwa 250.

Kitufe kiwe kile kinachorudi chenyewe ukikiachilia. Kikibaki kimeshika, mota inaungua. Na usikifiche nje chini ya namba ya gari eti ni kama gari mpya. Kwa jam ya Outering utaibiwa ukiangalia kwa kioo.

Mota ikisukuma badala ya kuvuta, badilisha waya zake mbili. Acha ulegevu kidogo kwa ule mkono wa chuma unaoshika loki, la sivyo buti itakataa kufunga.

Halafu sehemu ambayo fundi hatakuambia. Tulinunua kebo ya mtumba kwa 1,200 tukairudisha. Sasa lava na mota zote zinavuta loki ile ile, na moja ikifa nyingine iko. Ya tatu ni kamba nene tuliyofunga kwenye loki kwa upande wa ndani ya buti, yenye kishikio kinachong'aa gizani. Hiyo haikutugharimu hata mia mbili.

Ukimaliza, usilipe fundi bado. Toa negativu, funga buti, kisha vuta lava. Ikifunguka, ifunge tena ukiwa na mtu mzima ndani, na mwingine nje akishika lava tayari. Mwambie wa ndani avute kamba. Akitoka mwenyewe, toa pesa.

Sisi aliyeingia alikuwa bro. Alilalamika kuhusu suti yake ya mazoezi, alikaa sekunde kumi, akatoka. Mpwa wangu alikuwa kando akiangalia. Tumemkataza kuingia humo, lakini pia tumemwonyesha kamba iko wapi, kwa sababu nawajua watoto wa brikicho.