Usiitupe runinga ya kichogo kabla hujasoma haya

Juzi alikuja bibi mmoja wa Kibokoni kwenye kibanda changu karibu na Ndia Kuu. Nyuma yake mjukuu asukuma mkokoteni, na juu yake runinga ya kichogo ya inchi 21 imefunikwa leso.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wa vyuma chakavu aniambia imekufa, ataka kunipa mia mbili. Nikasema sitoi mpaka fundi aione."

Haikuwa imekufa. Lakini kilichonishtua ni kuona skrubu za nyuma zimeshafunguliwa. Kijana alikuwa ameifungua nyumbani, akaingiza mkono huku akimulika kwa tochi ya simu. "Lakini niliichomoa kwa stima, fundi," akanijibu. Hapo nikaamua kuandika makala haya.

Kuchomoa hakutoshi

Kioo cha runinga hizi ni chupa kubwa isiyo na hewa ndani, iliyopakwa rangi nyeusi ipitishayo umeme nje na ndani. Kwa hiyo chupa yenyewe ni kapasita: huweka umeme. Flaibeki, yaani ile transfoma yenye waya mnene ulioingia chini ya kifuniko cha mpira, huipelekea volti 20,000 au zaidi. Ukichomoa stima, umeme huo waweza kukaa humo kwa saa nyingi, hata siku. Kwenye bodi nako kuna kapasita kubwa yenye volti zaidi ya 300.

Nilipokuwa nafunzwa kazi niligusa mpira huo kwa pembeni. Mkono uliruka wenyewe ukagonga chuma, nikapasuka kiwiko. Mwalimu wangu hakunipa pole. Aliniambia, "Leo umesoma."

Fundi huuondoa umeme huo hivi: huchukua bisibisi bapa ya mpini mzima, akaifunga waya kwenye chuma chake, na ncha ya pili ya waya akaifunga kwenye ule waya mtupu unaozunguka mgongo wa chupa. Mkono mmoja huuweka nyuma. Kisha huisukuma bisibisi chini ya mpira mpaka isikike "tap!" Hungoja dakika kadhaa, akarudia, maana umeme hujirudisha kidogo. Kapasita ya bodi hutolewa umeme kwa balbu, si kwa kuipiga shoti. Kama hujawahi kusimama na fundi akakuonyesha, usifungue.

Dalili na ugonjwa wake

*Haiwaki kabisa.* Tazama fyuzi. Ikiwa imekatika tu kwa utulivu, huenda ni stima iliyopanda na kushuka. Ikiwa kioo chake kimekuwa cheusi, kuna shoti ndani, na fyuzi mpya itaungua papo hapo. Mimi huweka balbu mahali pa fyuzi. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, shoti ipo: mara nyingi ni transista ya pawa au diodi. Ikimweka kisha ikafifia, upande huo ni salama.

*Mstari mmoja mweupe katikati.* Huu ndio ulikuwa ugonjwa wa bibi. Picha huchorwa kwa mistari 625, mmoja chini ya mwingine. Mwale ukiendelea kwenda kushoto na kulia lakini hakuna kinachousukuma juu na chini, mistari yote hukaa mahali pamoja. Aisii ya kazi hiyo hupata joto sana, na lehemu kwenye miguu yake hupasuka mduara mwembamba ambao huuoni bila kumulika vizuri. Ya bibi ilitaka kulehemiwa upya miguu mitatu tu. Ukiona mstari huo, zima haraka, usije ukauchoma kioo.

*Asubuhi picha ina ukungu, ikipata joto yasafika.* Huu ni ugonjwa wetu wa pwani. Hewa ya chumvi hula soketi iliyo shingoni mwa chupa, volti za kukoleza picha zikavuja. Wengi huambiwa kioo kimechoka, kumbe ni soketi ya kubadilisha. Na ukisikia "sssss" wakati wa mvua za masika, ni vumbi lenye chumvi kuzunguka ule mpira. Fundi akishatoa umeme, husafisha kwa spiriti, akaacha pakauke kabisa.

*Madoa ya rangi pembeni.* Kwanza ondoa spika kubwa iliyo karibu, sumaku yake huvuta rangi. Madoa yakibaki, huenda kifaa kinachoondoa usumaku runinga inapowashwa kimekufa.

Si mbovu, haina king'amuzi

Mitambo ya analogi ilipozimwa nchini mwaka 2015, runinga nyingi nzima zilitupwa kwa sababu zilionyesha chenga tu. Hazikuwa na kasoro. King'amuzi huungwa kwa waya za rangi tatu: manjano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Runinga isiyo na matundu hayo hutumia tundu la antena, mradi king'amuzi chako kiwe na njia ya kutoa kwa antena.

Ikishindikana

Zipo za kuachia. Picha ikififia na rangi moja kupotea kwa sababu chupa imechoka, nitakwambia ukweli. Lakini usimpe mtu aivunje uchochoroni apate shaba ya shingoni. Glasi ya chupa hizo ina madini ya risasi, ambayo huharibu akili za watoto hasa wadogo, na watoto wetu huchezea humo humo uchochoroni. Chupa ikipasuliwa vibaya pia hurusha vigae. Iache nzima, mpelekee fundi atoe vipuri, kisha ipelekwe kwa wanaokusanya taka za umeme, si jaani wala baharini.

Bibi aliiwasha kibandani kabla ya kuondoka, akasimama akaitazama mpaka taarifa ya habari ikaisha. Mjukuu nilimwambia aje Jumamosi. Alikuja. Somo la kwanza lilikuwa mkono wa nyuma.