Mchanga ndani ya tope: jinsi vimbunga vya kale vinavyosomwa

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliniuliza, baada ya somo la isimu historia, yawezekanaje mtaalamu kudai kwamba kimbunga kikali kilipiga pwani fulani miaka 3,000 iliyopita, na hali hakuna aliyekiandika. Swali lilikuwa la haki. Sisi wenyewe hujenga upya maneno ya lugha mama ya Kibantu ambayo hakuna sikio lililoyasikia, na watu hutuuliza vivyo hivyo. Makala haya yanakusudia kulijibu swali lile kwa kadiri asiyekuwa mtaalamu wa jiolojia awezavyo.

Tuanze na neno. Kiswahili kina kimbunga, na kina pia tufani, lililotoka katika Kiarabu, ambalo wengi hulihusisha na gharika ya Nuhu. Hurakani, jina la vimbunga vya Atlantiki, Wahispania walilipokea kutoka kwa Wataino wa visiwa vya Karibi. Kwa suala letu, neno tufani ndilo linalofaa zaidi, kwa kuwa linachanganya upepo na maji. Upepo hauachi alama ya kudumu ardhini. Maji ndiyo yaachayo. Kimbunga kinapokaribia nchi kavu husukuma bahari mbele yake, maji yakapanda mita kadhaa na kuvuka ukingo wa mchanga utenganishao bahari na ziwa la pwani. Yanapovuka huchukua mchanga na kuutandaza juu ya sakafu ya ziwa. Kisha utulivu hurudi, na tope jeusi lenye mabaki ya majani huanza tena kutuama polepole, mwaka baada ya mwaka, hata ule mchanga ukafunikwa kabisa.

Basi mtafiti huenda ziwani kwa mashua, huzamisha bomba refu katika tope, hulitoa na kulipasua kwa urefu wake. Ndani huona weusi wa kawaida uliokatwa na mistari myeupe ya mchanga. Kila mstari ni ushahidi wa bahari iliyovuka. Mabaki ya mimea yaliyo juu na chini ya mstari hupimwa kwa kaboni-14, ambayo nusu yake hutoweka kila baada ya miaka 5,730 hivi. Kwa tabaka za karibuni hutumika seziamu-137, iliyosambazwa duniani na majaribio ya mabomu ya nyuklia na kufikia kilele mwaka 1963.

Mtu aliyeipa kazi hii msingi imara ni Kam-biu Liu, wa Chuo Kikuu cha Louisiana State nchini Marekani. Mwaka 1993, pamoja na Miriam Fearn, alichapisha matokeo ya Lake Shelby, ziwa la pwani katika jimbo la Alabama. Hoja yao kuu haikuwa mchanga wenyewe bali kipimo chake. Mwaka 1979 kimbunga Frederic, cha daraja la tatu, kilipiga pwani hiyo, na mchanga wake uliishia karibu na ukingo wa ziwa. Katikati ya ziwa, hata hivyo, palikuwa na tabaka za kale za mchanga. Ikiwa daraja la tatu halikufika katikati, basi kilichofika huko zamani lazima kilikuwa na nguvu zaidi: daraja la nne au la tano, yaani upepo wa kilomita 209 kwa saa na kuendelea. Hivi ndivyo nasi tufanyavyo tunapokadiria lugha ya kale kwa kuanzia mabadiliko yaliyoshuhudiwa katika maandishi.

Ziwa jingine, Western Lake katika Florida, lilitoa habari ya kutia wasiwasi. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000, vimbunga vikubwa vilionekana vya mara kwa mara kati ya miaka 3,400 na 1,000 hivi iliyopita. Kisha vikapungua sana. Maana yake ni kwamba kumbukumbu rasmi za Atlantiki, zinazoanzia mwaka 1851, zote ni za kipindi cha utulivu. Anayejenga mji au kuuza bima kwa kutegemea kumbukumbu hizo peke yake anapima hatari kwa kipande kifupi, tena kilicho kipole. Mwezi wa Kumi mwaka 2018 kimbunga Michael kilipiga eneo hilo la kaskazini-magharibi mwa Florida kikiwa cha daraja la tano, cha kwanza cha daraja hilo katika kumbukumbu za sehemu hiyo, na mji wa Mexico Beach ukabomolewa karibu wote.

Pingamizi zipo, nazo ni nzito. Ukingo wa mchanga hausimami mahali pamoja. Ukiwa chini au karibu zaidi na ziwa, hata dhoruba ndogo huweza kuuvuka, na usawa wa bahari nao hubadilika. Ziwa moja, kwa hiyo, halitoshi, kama vile lahaja moja isivyotosha kuijenga lugha mama. Tena vimbunga viwili vilivyofuatana kwa miaka michache huweza kuacha mstari mmoja tu. Na mchanga hauwezi kusema kwa urahisi kama uliletwa na kimbunga au na tsunami. Suala hili linatuhusu kwa karibu: utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu Pangani, nchini Tanzania, ulieleza tabaka la miaka 1,000 hivi iliyopita, lenye mifupa ya watu, kuwa ni la tsunami.

Afrika imo katika habari hii kwa njia nyingine pia. Vimbunga vikubwa vingi vya Atlantiki huanza kama mawimbi ya hewa yatokayo juu ya bara letu. Mwaka 2007 Jeffrey Donnelly na Jonathan Woodruff walipochapisha habari za miaka 5,000 kutoka kisiwa cha Vieques, Puerto Rico, walilinganisha tabaka zao na mashapo ya ziwa Ossa nchini Kameruni ili kuona nguvu ya pepo za mvua za Afrika Magharibi.

Maandishi nayo yana nafasi yake, na hapa sisi watu wa lugha hatuna sababu ya kukaa kando. Liu huyo huyo, mwaka 2001, pamoja na wenzake, alitumia kumbukumbu za wilaya za Guangdong, China, kuhesabu vimbunga tangu mwaka 975. Pwani ya Waswahili haina mfululizo wa namna hiyo, lakini ina tarehe zake: kimbunga cha mwezi wa Nne mwaka 1872 kiliharibu mashamba ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba karibu salama, kingine kilipiga Lindi mwaka 1952. Atakayezamisha bomba lake katika kidimbwi cha pwani ya Unguja, akakuta mstari wa mchanga wa mwaka 1872, atakuwa amepata kipimo kama kile Frederic alichowapa watafiti wa Alabama, na mistari iliyo chini yake itaanza kusomeka.