Manete, Pedi, Kidhibiti: Ulinganisho wa Vyombo vya Kuongozea Michezo ya Video na Istilahi Zake

1. Utangulizi

Mji wa Likasi, uliojulikana kwa jina la Jadotville hadi mwaka 1966, uko umbali wa kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, katika mkoa wa Haut-Katanga. Aghalabu mji huo hutajwa kwa ajili ya shaba na kobalti, na kwa viwanda vya Shituru na Panda. Hata hivyo, kama ilivyo katika miji mingine ya Kongo, vijana wake wanakifahamu vizuri chombo kingine kinachoshikwa kwa mikono miwili, yaani kile cha kuongozea michezo ya video. Wasemaji wengi hukiita kwa jina la Kifaransa, manette, ambalo katika makala haya litaandikwa manete.

Wachezaji hubishana sana juu ya manete ipi iliyo bora: ile ya PlayStation au ile ya Xbox, ya zamani au ya sasa. Mabishano hayo huishia kwenye ushabiki, kwa sababu swali lenyewe halijakamilika. Manete haiwi bora peke yake. Huwa bora kwa mkono fulani, kwa mchezo fulani na kwa mazingira fulani. Makala haya yanakusudia kuonyesha jambo hilo kwa kulinganisha maumbo makuu, kisha kutazama maneno ambayo Kiswahili kinaweza kuyatumia kulieleza. Mtu asiye na majina ya sehemu za chombo hubaki kusema tu kwamba chombo kinaumiza au kwamba «iko muzuri». Hawezi kueleza kinaumiza wapi, wala kwa nini.

2. Kutoka kisanduku hadi mipini

Manete ya Atari ya mwaka 1977 ilikuwa kisanduku chenye fimbo moja na kitufe kimoja. Mkono mmoja ulishika kisanduku na wa pili ukasukuma fimbo. Kazi kubwa ilifanywa na kifundo cha mkono, kwa hiyo mchezo mrefu ulichosha.

Mwaka 1982 Gunpei Yokoi, mhandisi wa kampuni ya Nintendo ya Japani, aliweka msalaba mdogo unaobonyezwa kwa kidole gumba mahali pa fimbo. Msalaba huo ulitokea kwanza katika mchezo mdogo wa mkononi ulioitwa Donkey Kong, na mwaka uliofuata ukatiwa katika konsoli ya Famicom. Badiliko hilo lilikuwa la msingi. Kazi ilihama kutoka kifundo cha mkono hadi kidole gumba cha kushoto, na mwendo wa sentimita kadhaa ukawa mwendo wa milimita chache tu. Lakini manete ya Famicom ilikuwa bapa, na pembe zake zilikichoma kiganja. Sega ililainisha umbo hilo katika Mega Drive ya mwaka 1988, nayo Nintendo ikaziviringa ncha katika Super Famicom ya mwaka 1990. Super Famicom iliongeza pia vitufe viwili kwenye ukingo wa juu. Hivyo kidole cha shahada, ambacho hapo awali kilisaidia kushika tu, kilipewa kazi yake.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya PlayStation ya Sony, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 1994. Mbuni wake, Teiyu Goto, aliipa manete mipini miwili inayoteremka ndani ya viganja. Faida yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kushika jembe au nyundo: kushika na kutenda ni kazi mbili, na mkono huchoka haraka kidole kimoja kinapolazimika kuzifanya zote mbili. Katika manete yenye mipini, kidole cha kati, cha pete na cha mwisho hubeba uzito pamoja na kiganja. Kidole gumba na kidole cha shahada hubaki huru.

Si kila jaribio lililofaulu. Manete ya Nintendo 64 ya mwaka 1996 ilikuwa na mipini mitatu, ilhali binadamu ana mikono miwili. Daima mpini mmoja ulikaa bila mshikaji. Mfano mwingine wenye mafunzo ni wa Microsoft. Xbox ya kwanza, iliyotolewa Marekani mwaka 2001, ilikuja na manete kubwa mno. Kwa soko la Japani, mwaka 2002, kampuni ilitengeneza nyingine iliyo ndogo zaidi, na muda si mrefu hiyo ndogo ikachukua nafasi ya kubwa hata Marekani kwenyewe. Yaelekea waliodhaniwa kuwa na mikono mikubwa nao walipendelea chombo kidogo. Kisa hicho kinaonyesha kwamba kila manete hubeba ndani yake kipimo cha mkono fulani uliofikiriwa na mbuni. Katika chumba cha michezo cha Kikula au cha Panda, manete moja inaweza kupita mikononi mwa mtoto wa miaka kumi na ya mtu mzima katika saa moja. Mtoto asiyekifikia kitufe cha mwisho bila kuuachia mpini hana kosa la uchezaji. Amepewa jembe la mtu mwingine.

3. Vijiti viwili, njia mbili

Michezo ilipoacha ubapa na kuingia katika picha zenye kina, msalaba haukutosha. Ulihitajika mwendo wa pande zote, wa polepole au wa haraka kwa kadiri ya msukumo wa kidole. Mwaka 1997 Sony iliongeza vijiti viwili katika manete yake, kisha ikatoa ile iliyoitwa DualShock, yenye mota mbili za mtetemo. Kwa kuwa mahali pa juu palikuwa pamekwisha kushikwa na msalaba na vitufe, vijiti viliwekwa chini, sambamba, karibu na katikati. Mpangilio huo umedumu hadi DualSense ya mwaka 2020.

Microsoft ilifuata njia nyingine. Katika manete za Xbox, kijiti cha kushoto kipo juu na msalaba upo chini yake, ilhali kijiti cha kulia kipo chini ya vitufe. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mabishano mengi, na maelezo yake ni mepesi. Kidole gumba cha kushoto kina mahali pake pa kupumzikia, yaani pale kinapotua bila kukunjwa wala kunyoshwa. Katika manete ya Sony kidole hutua juu ya msalaba. Katika ya Microsoft hutua juu ya kijiti. Kwa hiyo mchezo wa mapigano ya ana kwa ana, ambao hudai mibonyezo mifupi na sahihi, huupa nafasi nzuri mpangilio wa Sony. Mchezo wa kutembea na kulenga shabaha, ambao kijiti cha kushoto hakiachwi hata kidogo, humpumzisha zaidi mwenye Xbox. Mchezo wa mpira wa miguu umo katikati: anayeongoza wachezaji wake kwa msalaba na anayewaongoza kwa kijiti wanaweza kuisifu manete moja au kuilaumu, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Uzito nao una neno lake. DualShock 4 ya mwaka 2013 ilikuwa na gramu 210 hivi. DualSense ina gramu 280 hivi. Mipini iliyonenepa huujaza vizuri mkono mkubwa, na mota zilizomo huviwezesha vifyatulio vyake kugoma au kulegea kulingana na mchezo. Kwa mkono mdogo, mambo hayohayo huwa mzigo.

4. Alama za vitufe

Kwa mwanaisimu, sehemu yenye mvuto zaidi ni alama. Nintendo na Microsoft hutumia herufi zilezile, A, B, X na Y, lakini kwa mahali tofauti: A ya Nintendo ipo kulia, A ya Microsoft ipo chini. Sony hutumia pembetatu, duara, msalaba na mraba. Goto alieleza kwamba pembetatu ilisimama kwa mtazamo wa mchezaji, mraba kwa karatasi, yaani orodha ya mambo ya kuchagua, na duara na msalaba kwa «ndiyo» na «hapana».

Maana hizo mbili za mwisho ni za Kijapani, kwani shuleni Japani duara huonyesha jibu sahihi na msalaba jibu la makosa. Ulaya na Marekani michezo ilizoea kinyume chake: msalaba ukakubali, duara likakataa. Tofauti hiyo ilidumu miaka mingi, hadi PlayStation 5 ya mwaka 2020 ilipoufanya msalaba kuwa kitufe cha kukubali katika Japani pia. Mwanafunzi aliyezoea kuona kosa lake likitiwa msalaba daftarini anaambiwa na mashine kwamba msalaba ni «ndiyo», naye hujifunza bila taabu kubwa. Mfano bora wa unasibu wa ishara ni nadra kupatikana: alama haina maana kwa asili yake, bali kwa mapatano ya watumiaji. Taabu huja mapatano yanapobadilika, kwa sababu hapo kidole kimekwisha kukariri jambo ambalo akili imeshalisahau.

5. Uchakavu na betri

Manete ikishikwa dukani kwa dakika moja huonyesha umbo lake tu. Ubora wake wa kweli hujulikana baada ya miaka, hasa mahali ambapo inatumiwa na wengi na kutengenezwa badala ya kutupwa. Chini ya vijiti vingi mna kiguso kidogo kinachoteleza juu ya utepe wa kaboni. Utepe ukilika au ukiingia vumbi, mashine hupokea habari ya mwendo hali kidole hakijagusa kitu, na mchezaji katika picha huanza kutembea mwenyewe. Dreamcast ya Sega, ya mwaka 1998, ilitumia sumaku na vipokezi visivyogusana, hivyo haikuwa na utepe wa kulika. Lakini makampuni makubwa yaliyofuata yaliendelea na kiguso kwa muda mrefu.

Tofauti nyingine ni ya umeme. Tangu mwaka 2006 manete za Sony zisizo na waya zina betri ya lithiamu ndani. Manete za kawaida za Xbox zisizo na waya, tangu mwaka 2005, hutumia betri mbili ndogo za aina ya AA zinazouzwa madukani. Ya kwanza haina gharama ya kila mara, lakini betri ikizeeka ni lazima gamba lifunguliwe. Ya pili huongeza matumizi ya fedha, lakini mtu yeyote anaweza kuibadilisha betri bila bisibisi.

Hapa Likasi inaingia katika habari hii kwa mlango mwingine. Betri nyingi za lithiamu za vyombo vidogo hutumia kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, hasa mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga. Hilo halimaanishi kwamba kila manete ina kobalti ya Likasi. Linamaanisha kwamba mji huu unakutana na chombo hiki katika ncha mbili za safari yake, mwanzo kama madini na mwisho kama kitu cha kuchezea. Katikati ya safari, mkono hupimwa, umbo huchorwa na jina hutolewa kwingineko. Kiswahili husema kwamba mmoja ameshika mpini na mwenziwe ameshika makali.

6. Majina

Jina ndilo jambo ambalo wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kulishughulikia bila kungojea kiwanda. Majina matatu yanatumika. Manete hutokana na neno la Kifaransa lenye maana ya mkono. Pedi, linalosikika Afrika ya Mashariki, hutazama ubapa wa chombo, ingawa manete za sasa si bapa tena. Kidhibiti hutazama kazi ya chombo mbele ya mashine. Neno la kwanza peke yake linamkumbuka mshikaji, nalo lisidharauliwe kwa kuwa ni la kukopa. Tena linaingia vizuri katika sarufi ya Kiswahili cha Katanga, ambacho huyapa maneno mengi ya kukopa wingi wa ma-. Kwa kanuni hiyo wingi wake unaweza kuwa mamanete.

Kuhusu sehemu za chombo, hakuna haja ya kukopa sana. Yafuatayo yanatosha kwa maelezo ya kawaida:

Mpini: sehemu ijazayo kiganja, kama ya jembe au kisu.
Msalaba: kielekezi cha pande nne.
Kijiti: fimbo fupi ya kusukumwa kwa kidole gumba.
Kitufe: kibonyezwacho, neno hili limetokana na tufe, yaani kitu cha mviringo.
Kifyatulio: kivutwacho kwa kidole cha shahada, kutokana na kufyatua mtego au bunduki.
Mtetemo: mtikisiko wa mota ndani ya mpini.

Kwa maneno hayo sita mchezaji anaweza kusema kwamba mpini ni mnene kuliko kiganja chake, au kwamba kijiti kiko mbali na mahali pa kidole kupumzika. Lalamiko likitamkwa hivyo, fundi anajua afungue wapi, na mnunuzi anajua aulize nini.

7. Hitimisho

Ulinganisho huu umeonyesha kwamba manete zinazoshindana hazipangiki katika ngazi moja, ya juu ikiwa bora na ya chini ikiwa hafifu. Sony ililinda mahali pa msalaba na Microsoft ikakitanguliza kijiti. Moja ikafungia betri ndani na nyingine ikaiacha itolewe. Kila uamuzi ulimfaa mtu fulani na kumsahau mwingine. Mwaka 2018 Microsoft ilitoa manete yenye vitufe viwili vikubwa na matundu ya kuunganishia vifaa vingine, kwa ajili ya wachezaji wenye ulemavu, na Sony ikafuata kwa ya kwake Desemba 2023. Ilikuwa miaka zaidi ya arobaini tangu fimbo ya Atari. Katika mji wa viwanda kama Likasi, ambamo mikono haifanani kwa ukubwa wala kwa uzima, swali la kumuuliza muuzaji si manete ipi iliyo bora, bali ni mkono wa nani uliopimwa ilipobuniwa.