Daktari wa Watoto Asiye na Mtoto

Methali isemayo kuwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi haimtaji daktari, lakini katika vyumba vya matibabu vya Mkoa wa Pwani, Tanzania, ndiyo humkabili daktari wa watoto ambaye hajajaliwa mtoto, hasa akiwa mwanamke, kwa kuwa jamii imezoea kumwita mama kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza na humtazama kwa mashaka asiye na jina hilo. Swali linaloulizwa, mara nyingi kwa upole na mara nyingine kwa hasira ya mtu aliyekesha na mgonjwa, ni kama mtu asiyelea anaweza kumtibu na kumwelekeza anayelea. Mazingira ya Kibaha na Kisarawe, wilaya za mkoa huo, yanaonyesha kwamba hapa zimechanganywa elimu mbili tofauti, yaani elimu ya mwili wa mtoto mgonjwa na uzoefu wa malezi, na kwamba hii ya pili daktari huipata kwa kuwasikiliza wazazi zaidi kuliko kwa kuzaa.

Inafaa kwanza kueleza ni nani huyu anayeitwa daktari wa watoto. Daktari bingwa wa watoto nchini Tanzania husoma udaktari kwa miaka mitano, hufanya kazi kwa mwaka mmoja chini ya uangalizi wa madaktari wazoefu, kisha hurudi chuoni kwa miaka mitatu ya ubingwa, hivyo miaka ambayo wenzake wengi huoa, kuolewa na kuzaa humkuta akiwa masomoni au katika zamu za usiku. Aidha, katika zahanati na vituo vya afya, mtoto hupokelewa kwanza na muuguzi au afisa tabibu, yaani mtaalamu wa ngazi ya stashahada anayechunguza na kutibu magonjwa ya kawaida, ambaye mara nyingi huanza kazi akiwa kijana ambaye bado hajaanza familia. Kibaha ni mojawapo ya mahali panapowafundisha maafisa tabibu, na Hospitali ya Tumbi iliyopo hapo ilikua kutokana na kituo cha afya cha mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania mwaka 1970. Kwa hiyo mtabibu wa watoto asiye na mtoto si kioja, bali ni hali ya kawaida kazini, ingawa kwa wengine sababu si ujana: wapo watawa walioweka nadhiri, wapo walioamua kutozaa, na wapo waliotaka mtoto wasimpate, kwani Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba mtu mzima mmoja kati ya sita duniani hukumbwa na tatizo la ugumba wakati fulani maishani.

Kazi yenyewe hufuata vipimo visivyotegemea uzazi wa mtabibu. Mwongozo uliotayarishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF katika miaka ya 1990, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuutumia, humtaka mtabibu atafute kwanza dalili za hatari, nazo ni mtoto kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, kupatwa na degedege, na kulegea au kupoteza fahamu. Mtoto mwenye kikohozi huhesabiwa pumzi kwa dakika moja nzima, na pumzi 50 au zaidi kwa mwenye umri wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa mwenye umri wa mwaka mmoja hadi mitano, huashiria uwezekano wa nimonia. Hesabu hiyo haimjui mzazi wala asiye mzazi. Lakini sehemu kubwa ya mwongozo huo ni maswali kwa mama, kwa sababu ni yeye anayejua kuharisha kulianza lini na mtoto aliacha kunyonya saa ngapi.

Hapo ndipo maarifa ya nyumbani yanapokuwa ya lazima, na degedege ni mfano ulio wazi kuliko yote. Daktari huiona degedege kuwa mtukutiko wa mwili unaoweza kuletwa na homa kali, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo au upungufu wa sukari katika damu, ilhali utafiti uliofanywa Bagamoyo, katika Mkoa huohuo wa Pwani, miaka ya 1990, ulionyesha kwamba familia nyingi ziliihusisha na shetani, zikaanza kwa kumfukiza mtoto au kumpeleka kwa mganga, na baadhi ziliogopa kwamba sindano ingemuua. Mtabibu asiyeijua hofu hiyo atamlaumu mama kwa kuchelewa, naye mama hatarudi tena. Anayeijua atauliza kwa staha mtoto amepewa nini kabla ya kufika. Maarifa hayo hayaji na ujauzito, kwani hata daktari mwenye watoto wanne, akiwa amelelewa mbali na Pwani, anaweza kufika Maneromango, huko Kisarawe, bila kuyajua.

Historia ya tiba inao ushahidi mkubwa wa jambo hilo. Cicely Williams, daktari aliyezaliwa Jamaica mwaka 1893 na kufariki mwaka 1992 bila kuolewa wala kuzaa, alifanya kazi Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, na mwaka 1933 alichapisha maelezo ya unyafuzi, yaani utapiamlo mkali unaomvimbisha mtoto miguu na kubadilisha rangi ya nywele na ngozi yake. Wenzake walidhani ni ugonjwa mwingine uliokwisha kujulikana, lakini yeye aliwasikiliza akina mama wa kabila la Waga wa huko, ambao walijua kuwa ugonjwa huo humpata mtoto anayeachishwa ziwa mdogo wake anapozaliwa, na kutokana na maelezo yao akaitambua hatari ya kumlisha mtoto huyo mahindi karibu matupu. Mwaka 1948 Williams akawa mkuu wa kwanza wa kitengo cha afya ya mama na mtoto cha Shirika la Afya Duniani.

Hata hivyo, haitakuwa haki kudai kwamba asiyelea hapungukiwi na kitu. Ni rahisi kuandika dawa ya maji mara tatu kwa siku kwa asiyewahi kuona mtoto akiitema yote shukani, na ni rahisi kusisitiza maziwa ya mama pekee kwa miezi sita kwa asiyefikiria mama anayerudi shambani au sokoni mapema. Dawa ya upungufu huo ni kuuliza kama agizo linatekelezeka na kuwatumia wauguzi wenye uzoefu wa kunyonyesha. Kwa upande mwingine, daktari mwenye watoto ana hatari zake, kwa kuwa anaweza kuwapima watoto wa wengine kwa mtoto wake mmoja, au hofu ya mwanawe ikamtetemesha mkono mbele ya mgonjwa anayefanana naye.

Uzaramoni, eneo la Wazaramo linalojumuisha Kisarawe na sehemu za Kibaha, mila zenyewe zinabeba pande zote mbili. Mwali aliyewekwa ndani alipewa mwana hiti, sanamu ndogo ya mti aliyoitunza kama mtoto, jambo linaloonyesha uzito wa matarajio ya kuzaa na kueleza kwa nini swali la "Daktari, una watoto wangapi?" linaweza kumchoma anayeulizwa, hasa akiwa ametoka kumfunika mtoto aliyefariki mikononi mwake. Lakini katika ukoo wa Wazaramo, unaofuata upande wa mama, mjomba alikuwa na kauli juu ya watoto wa dada yake awe na watoto wake mwenyewe au asiwe nao, na kungwi alimfunda mwali asiyemzaa. Mkono mmoja haulei mwana, na mkono wa mtabibu ni mmojawapo.

Takwimu za kitaifa zinaonyesha kwamba vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilipungua kutoka 67 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai katika utafiti wa 2015/16 hadi 43 katika ule wa 2022, na miongoni mwa waliotoa chanjo, kupima malaria na kuhesabu pumzi ni watabibu wengi ambao hawajawahi kuitwa baba wala mama. Mzazi wa Mlandizi au Maneromango anayetaka kumpima daktari wa mwanawe, basi, amuulize ugonjwa ni upi, dawa inatolewaje na ni dalili gani zitamlazimu kurudi haraka, na idadi ya watoto wa daktari aiache kwa daktari mwenyewe.